Wali wa koliflawa unakuwa uji kila nikipika, nakosea wapi?

#1 BintiWaTemeke
Wakuu habari za jioni. Mzee wangu ana miaka 68, ana kisukari aina ya pili, na kliniki wamemwambia apunguze wali. Sasa mzee ni mtu wa Kilwa, asipokula wali anasema hajala. Jirani yangu akanipa habari ya kukwangua koliflawa ikawa kama wali, nikaona hapa nimepata njia.

Nimejaribu mara tatu wiki hii. Mara ya kwanza niliisaga kwenye blenda na maji kidogo, ukawa uji. Mara ya pili nilikwangua kwa kile cha kukwangulia karoti, nikatia sufuriani na chumvi na kitunguu, nikafunika, moto mdogo, kama ninavyokausha wali siku zote. Baada ya dakika kumi nafunua, maji yamejaa chini na jiko zima linanuka yai viza. Mara ya tatu vilevile, na safari hiyo ikageuka njano. Mzee alionja kijiko kimoja, akasema "mwanangu, haya ni machicha," akasukuma sahani.

Naomba kujua: maji yanatoka wapi wakati sijaweka hata tone? Na ninyi mnaopika ikatoka kavu mnafanyaje?

#2 MpishiWaZamu
Pole dada. Maji hayo ni yake mwenyewe. Koliflawa mbichi karibu asilimia 92 ni maji. Mchele unaingia jikoni mkavu ukitafuta maji, hii inaingia imeshiba maji inatafuta pa kuyamwaga. Wewe ukatia chumvi mapema, chumvi ikayavuta. Ukafunika, mvuke ukagonga mfuniko ukarudi chini. Umeichemsha bila kukusudia.

Utaratibu wa wali ugeuze wote. Osha kichwa kizima kwanza, kabla ya kukwangua na siyo baada. Kata vipande, tandaza kwenye kitambaa nusu saa vikauke. Kwangua kwa matundu makubwa. Kikaango kipana kipate moto hasa, mafuta kijiko kimoja, mimina kiasi cha kufunika chini tu, usirundike. USIFUNIKE. Acha dakika moja usiguse, geuza, acha tena. Dakika tano hivi imekwisha. Chumvi utie ukishazima jiko.

#3 KijanaWaUbungo
Naweka mkeka hapa, waje wajuzi. Mama yangu naye kaambiwa hivyohivyo mwezi huu.

#4 ShangaziWaTanga
Namsifu #2 lakini kasahau jambo kubwa: kukamua. Mnaoishi mjini mmesahau kifumbu. Kifumbu kilekile cha kuchujia tui, mwanangu, ndicho dawa ya maji ya koliflawa. Kama huna, tumia kitambaa cheupe cha pamba.

Ila usikamue mbichi, utaumiza mikono bure utoe kijiko kimoja. Mimi naipitisha kwenye mvuke dakika mbili, naiacha ipoe, ndipo nakamua. Ikishaguswa na moto inalegea na maji yanakubali kutoka. Kisha ndio naikaanga na kitunguu na bizari nyembamba. Inatoka chembechembe kabisa.

#5 MpishiWaZamu
Shangazi shikamoo. Nakuheshimu, ila hapo kwenye kukamua tutofautiane. Vitamini C inayeyuka kwenye maji, na koliflawa mbichi gramu 100 ina miligramu karibu 48 za hiyo vitamini. Ukiikamua unamwaga. Halafu na ladha inaondoka, inabaki kama pamba. Moto mkali unakausha maji bila kumwaga kitu.

#6 ShangaziWaTanga
Marahaba mwanangu. Moto mkali wa gesi unao wewe. Mimi napikia mkaa, na kikaango changu ni kimoja. Nakamua, na maji yale napikia mchuzi wa samaki. Simwagi kitu.

#7 MkulimaWaMlalo
Nalima mboga huku Lushoto, koliflawa ikiwemo. Naona nyote mnazungumzia jiko, hakuna aliyeuliza kichwa chenyewe kilikuwaje.

Kichwa kizuri kimeshikana, kizito mkononi kuliko unavyokitegemea, majani yake bado mabichi yanavunjika "kach". Kikikaa siku nne tano joto la Dar, kinaanza kulegea na kutoa madoa ya kahawia, na hapo hata ukikikaanga juu ya jua kitatoka rojo. Mzigo wetu unashuka usiku kwenda masoko ya Dar, kwa hiyo nunua asubuhi mapema, na uchague kilichobaki na majani yake. Anayekuuzia kilichochunwa majani yote huwa ameondoa yaliyonyauka ili usijue umri wake.

Jambo jingine. Jua likizidi wakati kichwa kinajifunga, uso wake unakuwa wa chengachenga, haulali laini. Wanunuzi wanakikataa au wanashusha bei. Nyumbani mke wangu anakwangua hivyohivyo vilivyokataliwa na vinakauka vizuri tu.

#8 BintiWaTemeke
#7 asante sana. Cha kwangu cha tatu kilikuwa kimechunwa majani yote! Nilidhani ni usafi.

#9 NesiWaUsiku
Binti, kabla hujaendelea na mapishi, nikuulize: mzee anatumia dawa gani? Kama ni metformini peke yake, kupunguza wanga hakumshushi sukari ghafla kiasi cha hatari. Lakini kama yuko kwenye glibenklamaidi au anachoma insulini, sikiliza. Dozi hizo zilipangwa akiwa anakula wali wake. Ukimwondolea wanga mezani na dawa ikabaki palepale, sukari inaweza kushuka chini ya 4. Atatetemeka, atatoka jasho la baridi, atachanganyikiwa, na kwa mtu wa miaka 68 anaweza kuanguka.

Nimepokea wagonjwa wa namna hiyo usiku, familia inasema "lakini alikuwa anakula vizuri, hata wali ameacha." Ameacha wali, dawa hakuna aliyeigusa.

Rudini kliniki, mseme mnabadilisha chakula, wao ndio wapange dozi. Msipunguze wenyewe.

#10 BintiWaTemeke
Dada, umenishtua. Anatumia zote mbili, metformini na hiyo glibenklamaidi asubuhi. Kliniki yake ni Alhamisi. Mpaka hapo naacha nusu sahani ya wali wake kama kawaida?

#11 NesiWaUsiku
Ndiyo, mpaka Alhamisi asikose wanga kabisa. Na pima sukari asubuhi na saa mbili baada ya mlo wa mchana, uandike kwenye daftari uende nalo. Daktari akiona namba ataamua vizuri kuliko akisikia maneno.

#12 SimbaWaMazoezi
Mnajichosha. Koliflawa haina wanga kabisa, mzee ale sufuria nzima mara tatu kwa siku. Mimi nimeshuka kilo nyingi kwa hiyo tu, mwezi wa nne sasa sijagusa wali.

#13 MwalimuWaNyegezi
#12 hongera kwa kilo, ila "haina kabisa" si kweli. Gramu 100 za koliflawa mbichi zina wanga kama gramu 5, na kati ya hizo kama 2 ni nyuzinyuzi. Wali mweupe uliopikwa gramu 100 una wanga kama 28. Tofauti ni kubwa, lakini si sifuri.

Na mkipiga hesabu msichanganye mchele na wali. Mchele mkavu gramu 100 una wanga karibu 80. Ukisoma namba ya pakiti ya mchele ukailinganisha na koliflawa iliyo sahanini utapata tofauti ya uongo, kwa sababu mchele ukipikwa unabeba maji unakuwa zaidi ya mara mbili ya uzito wake.

#14 SimbaWaMazoezi
Sawa mwalimu, nimekubali marekebisho. Gramu 5. Bado nasimama kwamba mzee atashiba.

#15 KijanaWaUbungo
Atashiba kwa muda gani? Mimi juzi nilikula sahani nzima saa saba, saa tisa nikaanza kuangalia mihogo ya barabarani.

#16 MpishiWaZamu
#15 kwa sababu hukula na kitu. Sahani nzima ya koliflawa, tuseme gramu 200, ni kama kalori 50 tu. Wali kiasi hicho ni 260. Lazima pembeni kuwe na samaki, au mayai, au maharage, na mafuta kidogo. Hii inakaa pale wali ulipokuwa unakaa. Kazi ya kitoweo haiwezi kuifanya.

#17 BibiHarusiMstaafu
Mimi namjibu mleta mada kuhusu ile njano, maana naona wote mmeiruka. Je, unapikia maji ya kisima?

#18 BintiWaTemeke
Ndiyo, tunatumia kisima, yana chumvichumvi. Lakini sikutia maji, nilioshea tu.

#19 BibiHarusiMstaafu
Inatosha. Maji magumu ya kisima yana asili ya magadi, na ile rangi nyeupe ya koliflawa ikikutana na magadi inageuka njano. Ikikutana na uchachu inabaki nyeupe. Kamulia nusu limao mwishoni, au matone ya siki, utaona inang'aa. Nimepikia harusi za Wahindi mtaa wa Kisutu miaka mingi, wao hawaweki koliflawa jikoni bila kitu kichachu karibu.

#20 MpishiWaZamu
Au ni sufuria. Alisema mara ya pili na ya tatu alitumia sufuria, na sufuria zetu nyingi ni za alumini. Koliflawa ikikaa muda kwenye alumini inabadilika rangi, kwenye chuma inakuwa ya kahawia. Tumia kikaango cha chuma kisichoshika kutu au kile kisichonata.

#21 MkulimaWaMlalo
Au ilikuwa njano tangu shambani. Sisi tunafunga majani juu ya kichwa jua lisikipige. Mkulima akichelewa kufunga, kichwa kinakuwa cha manjano kabla hata hakijavunwa. Hakidhuru, ila kinaonja ukali kidogo.

#22 BibiHarusiMstaafu
Kisima, sufuria, shamba. Binti, jaribu limao kwanza, ndilo la bei rahisi.

#23 MamaPacha_Nairobi
Hamjambo kutoka Nairobi. Kuhusu ile harufu ya yai: ni muda. Hizi mboga za ukoo mmoja, kabichi, sukuma wiki, brokoli, koliflawa, zote zina salfa ndani. Ukipika dakika chache hainuki, ukizidisha salfa inaachiliwa jikoni na kila dakika unayoongeza ndivyo inavyozidi. Yeye alifunika dakika kumi, si ajabu.

Na mjue kitu kingine: hizo nilizozitaja si ukoo tu, ni mmea mmoja. Wataalamu wanauita Brassica oleracea. Watu walichagua mbegu karne kwa karne, mmoja ukakuzwa kwa majani ukawa sukuma, mwingine kwa kichwa cha maua ukawa koliflawa. Kwa hivyo mtu wa Limuru anayelima kabichi na sukuma shamba moja analima ndugu.

#24 ShangaziWaTanga
Basi kama ni ndugu, nami nitoe langu la moyoni. Kwa nini tunanunua koliflawa kwa bei ambayo ningepata kilo ya mchele? Kabichi ikikatwa nyembamba sana, halafu ikapitishwa kisu tena kwa upana, inakuwa chembe. Naikaanga vilevile. Wanga wake ni karibu sawa na koliflawa. Kabichi iko kila genge, kila mkoa, kila msimu. 

#25 KijanaWaUbungo
Shangazi, naweza kuikuna koliflawa kwa mbuzi kama nazi? Nauliza kwa dhati, greta hatuna.

#26 ShangaziWaTanga
Mbuzi inataka kifuu kinachoishika nazi, mwanangu. Koliflawa itakuteleza ikukate vidole. Tumia kisu kikali na ubao, katakata kama unavyokata kachumbari. Inachukua muda, lakini kwa kweli ndiyo inayotoka kavu kuliko zote, kwa sababu kisu kinakata, hakisagi. Blenda inaponda, na kilichopondwa kinamwaga maji yake yote. Ndiyo maana ya kwanza ya Binti ikawa uji.

#27 MpishiWaZamu
Hapo kwenye kisu shangazi nakuunga mkono mia kwa mia.

#28 MtuWaMinnesota
Huku Marekani inauzwa tayari imekatwa kwenye mifuko, imegandishwa. Watu wengi hawakwangui tena. Kosa la kila mtu mwanzoni ni kuiyeyusha kwanza. Barafu inapasua chembe kwa ndani, ikiyeyuka mezani unapata supu. Inatakiwa itoke kwenye friza iingie moja kwa moja kwenye kikaango cha moto. Mimi naitandaza kwenye trei naiweka kwenye oveni moto wa 220, dakika ishirini, nageuza mara moja. Inakauka na kupata rangi kidogo pembeni. Wanangu wanaila hivyo bila kubembelezwa.

#29 MwalimuWaNyegezi
Wakati mnaendelea, mimi nina kero ya lugha. "Wali wa koliflawa" ni jina sahihi? Kiswahili kimetupa mpunga shambani, mchele gunialani, wali sahanini. Kitu hiki hakijawahi kuwa mpunga wala mchele. Kinaitwaje wali?

#30 BintiWaTemeke
Kabla ya "gunialani" mwalimu, ni "guniani" :)

#31 MwalimuWaNyegezi
Guniani. Ahsante, vidole vilinitangulia. Swali linabaki.

#32 AliyeMasikati
Salaam kutoka Oman. Nadhani jina sahihi ni chenga. Mchele uliovunjika tunauita chenga, na koliflawa ikikwanguliwa inafanana na chenga kuliko mchele mzima. "Chenga za koliflawa." Bibi yangu Unguja, chenga alikuwa akizipikia uji wa wagonjwa, kwa hiyo hata matumizi yanakaribiana.

#33 ShangaziWaTanga
Mzee wa Binti ameshatoa jina: machicha. Machicha ya nazi ni kile kinachobaki ukishakamua tui, na hii nayo inakamuliwa. Ila ukimwambia mtu nakukaribisha machicha hatakuja.

#34 MtuWaMinnesota
Jina hilo limefika mpaka bungeni huku. Jimbo la Arkansas, ambalo linaongoza Marekani kwa kulima mpunga, lilipitisha sheria 2019 kwamba kisichotokana na mpunga kisiandikwe "mchele" kwenye pakiti. Wakulima waliona koliflawa inakula soko kwa jina lao. Kwa hiyo mwalimu hauko peke yako.

#35 MamaPacha_Nairobi
Wakulima wa Mwea hawana wasiwasi huo. Mtu aliyewahi kunusa pishori ikichemka hawezi kudanganywa na koliflawa.

#36 SimbaWaMazoezi
Pishori kwa mchele wa Kyela bado, mama Pacha. Kyela ukiupika mtaa wa pili wanaleta sahani.

#37 MamaPacha_Nairobi
Tutakutana siku moja tupike zote mbili, mwamuzi awe mtu wa Oman.

#38 AliyeMasikati
Nimekubali uamuzi, ila mimi nimezoea basmati :)

#39 KakaWaKepu
Nipo Cape Town. Huku kula hivi wanakuita "banting". Nilidhani ni neno la Kiafrikana, kumbe ni jina la mtu: William Banting, mtengeneza majeneza wa London, aliyechapisha 1863 habari za alivyopungua mwili kwa kuacha mkate, sukari na viazi. Afrika Kusini aliyeirudisha kwa nguvu ni Profesa Tim Noakes. Nakumbuka nilipofika hapa kila mgahawa ulikuwa na koliflawa badala ya wali, badala ya viazi, hata badala ya unga wa piza. Kwa hiyo jambo hili wala si la jana.

#40 KijanaWaUbungo
Kwetu ni Profesa Janabi aliyetuamsha, yule wa Taasisi ya Moyo, JKCI. Tangu aanze kuzungumzia vitambi na wanga, mama ananiangalia sahani.

#41 NesiWaUsiku
Sahihisho dogo: JKCI aliiongoza mwanzo, 2022 akahamia Muhimbili kuwa Mkurugenzi Mtendaji, na tangu 2025 ni Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani Kanda ya Afrika.

#42 MsomajiWaKimya
Mara ya kwanza kuandika hapa. Dada yangu ana rovu, na ameambiwa na watu mtaani asiguse kabichi wala koliflawa. Ni kweli? Tulikuwa tumeanza kuipika nyumbani.

#43 NesiWaUsiku
Karibu. Mboga za ukoo huu zina vitu vinavyoweza kuizuia tezi ya shingo isitumie madini joto vizuri, hasa zikiliwa mbichi na kwa wingi mno, na mwili ukiwa na upungufu wa madini hayo. Kupika kunapunguza nguvu yake. Mtu anayetumia chumvi yenye madini joto na kula kiasi cha kawaida kilichopikwa hana sababu kubwa ya hofu. Lakini dada yako ana rovu tayari, kwa hiyo aliyemwona ndiye aulizwe, na aambiwe inaliwa kiasi gani na mara ngapi.

#44 ShangaziWaTanga
Bibi zetu walikula mchicha na kisamvu wala hawakuulizana haya.

#45 MamaPacha_Nairobi
Kisamvu nacho, shangazi, kinatakiwa kitwangwe na kichemke sana ndipo kiwe salama. Bibi zetu waliuliza, ila jibu walilipata muda mrefu kabla yetu.

#46 ShangaziWaTanga
Umesema kweli. Nimekaa.

#47 AliyeMasikati
Mimi nina njia nyingine kabisa kwa mzee wa Binti, msinipige mawe. Kiporo. Wali ukipikwa, ukapoa kwenye friji usiku kucha, sehemu ya wanga wake inajipanga upya kuwa aina ambayo utumbo hauisagi haraka. Ukiupasha asubuhi, sukari inapanda taratibu kuliko ya wali wa moto wa leo. Kwa nini asile kiporo kidogo akachanganya na koliflawa, nusu kwa nusu? Atapata harufu ya wali na wanga utapungua.

#48 NesiWaUsiku
Kuhusu kupoa ni kweli yapo hayo mabadiliko, ila ni ya kiasi, wali haugeuki mboga. Na uwekwe kwenye friji mapema. Wali ukilala nje juu ya meza joto la Dar, kuna bakteria wanaozaa humo na sumu yao haifi ukiupasha. Kiporo cha sufuria iliyolala jikoni mimi simpi mgonjwa wa miaka 68.

#49 MpishiWaZamu
Hiyo nusu kwa nusu ya #47 nimewahi kuifanya kazini kwa mteja mmoja mzee. Kwanza tulikuwa robo koliflawa, robo tatu wali. Wiki iliyofuata nusu. Hakulalamika. Siri ni iliki na mdalasini kidogo kwenye mafuta kabla ya kutia koliflawa, ule utamu wa harufu unaifunika kabichi iliyomo ndani yake.

#50 SimbaWaMazoezi
Mnamdanganya mzee sasa. Aambiwe ukweli anakula nini.

#51 MpishiWaZamu
Yule mteja alijua, nilimwonyesha sufuria zote mbili. Mtu mzima huwezi kumpikia kwa kificho na yeye anajichoma insulini kwa kuhesabu sahani.

#52 NesiWaUsiku
#51 umesema jambo la maana sana. Anayehesabu dawa kwa chakula lazima ajue chakula.

#53 BintiWaTemeke
Wakuu, narudi na mrejesho. Alhamisi tulienda kliniki na daftari. Glibenklamaidi wameipunguza, metformini imebaki, wametaka nirudi na namba za wiki mbili. Nesi, Mungu akulipe.

Jana nimepika. Nilinunua kichwa alfajiri, majani yote yapo. Nikakata kwa kisu na ubao kama alivyosema shangazi, mikono imechoka lakini chembe zilitoka safi. Nikaweka iliki mbili kwenye mafuta. Moto mkali, sikufunika, nikapika kwa awamu tatu kwa sababu kikaango changu kidogo. Chumvi na limao mwisho. Haikutoa maji! Haikunuka. Ilikuwa nyeupe, lakini sijui niishukuru limao, au kikaango, au mkulima, maana nilibadilisha vyote kwa mpigo.

Nikachanganya na wali kidogo, nusu kwa nusu, nikamwambia mzee kila kitu kabla hajaonja. Nikamwekea na samaki wa kupaka.

Amekula akamaliza. Kisha akaniuliza: "Ukoko uko wapi?"

#54 ShangaziWaTanga
Mtu wa Kilwa huyo! Wali bila ukoko haujaisha.

#55 MwalimuWaNyegezi
Hapo kuna tatizo la kweli. Ukoko ni wanga ulioshikana chini ya sufuria ukakauka na kuungua kidogo. Koliflawa haina wanga wa kushikana, kwa hiyo itaungua chembe mojamoja, haitajenga ukoko.

#56 MtuWaMinnesota
Huku wanaifanya sakafu ya piza kwa kuchanganya na yai na jibini, inashikana vizuri. Yai moja kwa vikombe viwili, ibonyeze kikaangoni, moto wa wastani, usiguse dakika sita.

#57 ShangaziWaTanga
Hiyo ni mkate wa mayai. Ukoko unatoka chini ya sufuria, hautengenezwi pembeni.

#58 MpishiWaZamu
Aweke ule wali kidogo chini, koliflawa juu, kijiko cha tui zito pembeni, amalizie moto wa chini peke yake. Wali utatoa ukoko, koliflawa itapata harufu yake.

#59 NesiWaUsiku
Ukoko ni wali, wakuu. Uhesabiwe kwenye ile nusu yake.

#60 BintiWaTemeke
Najaribu ya #58 kesho mchana, na ukoko nitaupima kwenye mizani kabla ya kumpa. Kichwa nimeshanunua, kipo kwenye friji na majani yake.